Maji yaliyotulia ndiyo yanayong'oa kona

Bomba kuu la kijiji likichomoka kwenye kona, maelezo yanayotolewa asubuhi yake ni yaleyale tangu nianze kazi hii: maji yalikuwa na kasi, yakaja kwa nguvu, kona ikashindwa kuyageuza. Fundi anaeleza hivyo, mwenyekiti wa kijiji anarudia hivyo mkutanoni, na mkandarasi, ambaye alipaswa kujua zaidi, anaitikia kwa kichwa. Mimi ni fundi sanifu wa maji, sasa mstaafu. Sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kwenye miradi ya mserereko katika milima ya Kilimanjaro na Tanga, na nasema maelezo hayo si ya kweli. Na kwa kuwa si ya kweli, tiba inayofuata nayo si tiba. Watu wanabana valvu ili maji yaende polepole, wanafukia mtaro, na kona inachomoka tena.

Hesabu yenyewe si ngumu. Naiandika hapa gazetini kwa makusudi, kwa sababu imefichwa kwa wahandisi kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.

Tuchukue bomba la plastiki la inchi sita, lenye upana wa milimita 160 kwa nje. Lipo katika miradi mingi ya vijijini. Tuseme tenki liko mlimani, mita 100 juu ya pale ilipo kona. Kila mita 10 za kimo cha maji hukandamiza kwa kilo moja hivi katika kila sentimita mraba, kwa hiyo mita 100 ni kilo 10. Ndiyo maana fundi akisoma geji husema hapa pana kilo kumi. Mdomo wa bomba hilo una eneo la sentimita mraba 201. Zidisha kwa 10, unapata kilo 2,010. Tani mbili. Hizo zinaisukuma kona kutoka upande maji yanakotoka, kufuata mstari wa bomba linaloingia. Upande wa pili, bomba linakoendelea, maji yaliyomo yanaisukuma kona kwa tani mbili nyingine kurudi nyuma.

Bomba lingekuwa limenyooka, misukumo hiyo miwili ingetazamana na kumalizana. Kwenye kona ya nyuzi 90 haitazamani tena. Kama bomba linakuja likielekea mashariki kisha linakatia kaskazini, msukumo mmoja unaipeleka kona mashariki na wa pili unaipeleka kusini, na hakuna wa kuuzuia mwenzake. Kuijumlisha kunahitaji Pythagoras yuleyule wa sekondari: mraba wa 2,010 jumlisha mraba wa 2,010, tafuta kipeo. Jibu ni kilo 2,840 hivi, zinazoisukuma kona kuelekea nje, mchana na usiku, kwa miaka yote ambayo bomba litakuwa na maji. Ni kama Land Cruiser ya halmashauri, watu na mizigo ndani, imeegemea kipande cha plastiki ambacho mtoto anaweza kukibeba.

Mpaka hapo sijataja kasi ya maji popote.

Sasa tuitaje. Katika bomba hilo maji yakienda mita moja kwa sekunde, mwendo wa kawaida kabisa, nguvu inayohitajika kuyageuza kwa nyuzi 90 haifiki kilo tatu. Kilo tatu, mbele ya kilo 2,840. Hata ukiongeza kasi mara mbili, nguvu hiyo itaongezeka mara nne na kufika kilo 11 au 12, na bado haitaonekana pembeni ya zile tani. Kinachosukuma kona ni presha, na presha haihitaji maji yatembee.

Niliwahi kueleza jambo hili kijijini, bomba likiwa limechomoka usiku na mtaro umejaa tope, na mzee mmoja wa kamati ya maji akaniuliza swali ambalo kwangu lilikuwa bora kuliko mengi niliyoulizwa na wataalamu.

"Mama, sasa usiku nani anateka maji? Maji yakilala si yamelala?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, hapo ndipo yanapoamka."

Mchana watu wakiteka, maji yanatembea, na yakitembea yanasuguana na kuta za bomba. Msuguano huo unakula presha. Bomba refu la mlimani linaweza kupoteza mita 20 au 30 za presha njiani, kwa hiyo kona yetu ya mita 100 inaonja mita 70 au 80 tu. Saa nne usiku vituo vya kuchotea maji vinafungwa, valvu za matenki ya chini zinajifunga zikishajaa, na mtiririko unakoma. Msuguano unakwisha, presha yote ya mlima inarudi. Kona ambayo mchana ilisukumwa kwa tani mbili na kidogo sasa inasukumwa kwa tani karibu tatu, na maji hayaendi popote. Saa kumi alfajiri watu wanasikia mvumo, asubuhi wanakuta bonde limechimbika.

Ndiyo maana kubana valvu ya chini ili kupunguza kasi ni hatari. Ukibana valvu iliyo mbele ya kona, unapunguza mtiririko, unapunguza msuguano, na kwa hiyo unaongeza presha palepale ulipotaka kupaponya. Ukibana iliyo nyuma yake, huko juu, utaona nafuu mchana wakati maji yanatembea, lakini mtiririko ukikoma usiku presha yote inapita kwenye ule mwanya mdogo na kukaa sawa pande zote. Anayetaka kweli kupunguza presha ajenge tenki la kukatia presha katikati ya mteremko, maji yamwagike kwenye hewa wazi na kuanza upya, au afunge valvu maalumu ya kushusha presha na awepo mtu wa kuitunza. Vyote viwili vinagharimu, na vyote viwili vinafanya kazi.

Sidai kwamba kasi haina maana katika elimu ya maji. Mlinganyo kamili unaofundishwa vyuoni una sehemu zote mbili, ya presha na ya mwendo, na zote mbili ni sahihi. Kuna mahali mwendo ndio mfalme. Askari wa zimamoto wanaoshika mpira wa kuzimia moto wanasukumwa nyuma na mwendo, kwa sababu pale kwenye pua ya mpira presha yote imegeuzwa kuwa kasi: lita nane kwa sekunde zikitoka kwa mita 37 kwa sekunde zinamrudisha nyuma aliyeshika kwa kilo 30 hivi. Kasoro ninayoiona ni kwamba somo hili hufundishwa chini ya kichwa cha mwendo, mifano mingi ni ya maji yanayokimbia, na kijana anamaliza chuo akiamini kwamba maji yaliyosimama hayana madhara. Anapelekwa mlimani akiwa na imani hiyo.

Kasi inarudi kwa mlango mwingine, na huo nao wananchi waujue. Maji yanayotembea yakisimamishwa ghafla, presha inaruka. Mrusi Nikolai Zhukovsky aliipima hali hiyo kwenye mabomba ya maji ya Moscow mwishoni mwa karne ya 19, na kanuni yake tunaitumia mpaka leo. Katika bomba la plastiki, kusimamisha ghafla maji yaliyokuwa yakienda mita moja kwa sekunde kunaweza kuongeza mita 40 za presha. Katika bomba la chuma, ambalo halitanuki kirahisi, ongezeko hilo hupita mita 100. Kwa hiyo kijana anayezungusha valvu kubwa haraka kwa sababu mvua inakuja, au umeme unaokatika wakati pampu inasukuma maji mlimani, anaweza kuizidishia kona mzigo kwa sekunde chache tu, na sekunde chache zinatosha. Valvu hufungwa taratibu, na sehemu ya mwisho taratibu zaidi. Hilo halihitaji bajeti. Linahitaji mtu wa valvu afundishwe na aheshimiwe.

Tani hizo tatu zinakwenda wapi, basi? Kama mabomba yameunganishwa kwa soketi zenye mpira ndani, jinsi mabomba mengi ya plastiki na ya chuma cha kusubu yanavyounganishwa, kiungio hakina kitu kinachokishika kisichomoke. Mpira unazuia maji yasivuje, basi. Mzigo lazima ubebwe na ardhi, na njia ya kuufikisha ardhini ni bonge la zege linalojengwa nyuma ya kona, upande wa nje, likiegemea udongo ambao haujachimbwa. Zege halizuii kona kwa uzito wake. Linatandaza msukumo kwenye eneo kubwa la udongo ili udongo usitobolewe. Kwa hiyo ukubwa wake hauamuliwi na fundi kwa macho. Unaamuliwa na mambo mawili, mzigo na aina ya udongo.

Rudi kwenye kona yetu. Bomba likipimwa kabla ya kukabidhiwa hujazwa presha kubwa kuliko ya kazi, kwa kawaida mara moja na nusu, kwa hiyo mzigo wa kupangia ni kilo 4,260. Kama udongo ni mgumu na unaweza kubeba tani 10 kwa mita mraba kwa usalama, uso wa zege unaogusa udongo uwe karibu sentimita 65 kwa 65. Kama ni udongo laini unaobeba tani mbili na nusu tu, uwe mita 1.3 kwa 1.3. Eneo limeongezeka mara nne, na bomba ni lilelile, kona ni ileile, presha ni ileile. Nimeona mradi uliopanda kutoka mbugani hadi mlimani ukiwa na mabonge ya zege ya saizi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, yamepangwa vizuri kwenye mchoro, yanapendeza. Yale ya kwenye mwamba yalikuwa makubwa bila sababu, na yale ya mbugani yakasogea.

Nimeona pia zege lililomwagwa ndani ya mtaro uliochimbwa mpana kupita kiasi, kisha nafasi iliyobaki nyuma yake ikajazwa kifusi kwa koleo. Zege la namna hiyo limeegemea hewa. Mwaka wa kwanza kifusi kinashuka, kona inapata sentimita mbili za kusogea, na sentimita mbili zinatosha kuvuta bomba nje ya mpira wake.

Kona kali si lazima. Kona ya nyuzi 45 katika bomba hilohilo inasukumwa kwa tani moja na nusu, ya nyuzi 22 na nusu kwa kilo 780 hivi, na ile ya nyuzi 11 na robo chini ya kilo 400. Mtaro unaozunguka mlima polepole kwa kona ndogondogo unagawa mzigo, ingawa unataka viungio vingi zaidi. Mwisho wa bomba uliozibwa, na pale bomba linapogawanyika kwa umbo la T, napo panasukumwa kwa tani zile mbili kamili, na ndipo panaposahaulika zaidi, kwa sababu macho hayaoni kona yoyote. Kona inayopinda juu ya kilima ni kesi ya pekee. Hiyo inasukumwa kwenda juu, ambako hakuna udongo wa kuegemea, kwa hiyo hapo zege linafanya kazi kwa uzito, na bomba lifungwe ndani yake kwa vyuma. Kilo 780 za kusukuma juu, zikiwa 1,170 wakati wa kupima, zinataka karibu nusu mita ya ujazo ya zege.

Eneo la mdomo wa bomba hukua kwa mraba wa upana wake, na hapo ndipo tofauti kati ya bomba la nyumbani na bomba kuu inapotoka. Bomba la nusu inchi jikoni kwako, likiwa na presha ya mita 30, linaisukuma elbo yake kwa kilo saba au nane, na nyuzi za chuma au gundi zinatosha kuishika. Bomba lenye upana wa mita 1.8, mfano wa lile linaloleta maji Dar es Salaam kutoka Ruvu Chini, likiwa na presha ya mita 50 tu lingeisukuma kona ya nyuzi 90 kwa tani 180. Hakuna anayejenga bomba la aina hiyo bila kupiga hesabu. Miradi mikubwa ina wahandisi washauri, ina maabara za udongo, ina watu wa kusaini. Mimi nahofia ile ya katikati, ya inchi tatu hadi inchi nane, mikubwa kiasi cha kuua mtu aliyesimama mtaroni na midogo kiasi cha kuonekana haihitaji hesabu.

Kwa nini zege la kona linarukwa? Kwanza, linafukiwa. Tangi linaonekana, kituo cha kuchotea maji kinaonekana na kupakwa rangi, kiongozi anapiga picha akifungua koki. Zege la kona haliko kwenye picha. Pili, katika mchanganuo wa gharama mara nyingi limefungwa pamoja na vitu vingine katika mstari mmoja wenye bei ya jumla. Mkandarasi aliyebanwa na bei, na mara nyingi amebanwa kweli, anajua kwamba kitu kisichohesabiwa kimoja kimoja ndicho cha kwanza kupunguzwa. Tatu, mlimani kila mfuko wa saruji na kila debe la mchanga linapanda kichwani mwa mtu, na tukisema nguvu za wananchi tujue kwamba kichwa hicho kwa kawaida ni cha mwanamke.

Na ni mwanamke huyohuyo anayerudi mtoni bomba likichomoka. Hili linaniuma. Zege la kona ya inchi sita kwenye udongo mzuri linakula mfuko mmoja au miwili ya saruji. Kona ikichomoka, kijiji kinapoteza bomba, kinapoteza tenki zima la maji lililomwagika, shamba la mtu linabebwa, na mafundi wanasubiriwa wakati watoto wanatumwa na madumu kabla ya shule. Sijaona popote ambapo kuacha mifuko hiyo miwili kulimwokolea mtu pesa, isipokuwa aliyekwishalipwa na kuondoka.

Kuna wanaosema tuhamie kwenye mabomba meusi ya HDPE yanayounganishwa kwa kuchomelewa kwa joto, tuachane na zege. Nayapenda mabomba hayo. Kiungio kilichochomelewa vizuri kinavuta na kusukuma kama bomba zima, na kona zake nyingi hazihitaji zege. Lakini mradi wa HDPE tupu ni adimu. Mahali fulani bomba jeusi linakutana na valvu ya chuma au na bomba la zamani lenye soketi ya mpira. HDPE hufupika maji baridi yanapoingia na presha inapopanda. Likiwa limeunganishwa na soketi isiyoshika, linajivuta lenyewe kutoka ndani. Mahali pa kukutania panahitaji nanga ya zege kuliko kona yoyote.

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 ilianzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, na kuweka uendeshaji wa miradi ya vijijini mikononi mwa vyombo vya jamii yenyewe. Nakubaliana nayo. Ila chombo cha jamii kinachokabidhiwa funguo, daftari la makusanyo na bomba lililofukiwa kimekabidhiwa nusu ya mradi. Nataka kila kona iwe na mstari wake katika mchanganuo wa gharama: namba yake, nyuzi zake, presha yake ya usiku, tani zake, aina ya udongo, vipimo vya zege. Kwa mradi wa kijiji kimoja hiyo ni karatasi moja au mbili. Ibandikwe ofisi ya kijiji pale panapobandikwa mapato na matumizi, kwa Kiswahili, na nakala ibaki kwa fundi wa jumuiya.

Nataka pia mtaro ufukiwe katikati ya bomba tu kabla ya kupima, na kila kiungio na kila kona ibaki wazi mpaka geji imesomwa mbele ya kamati, zege likiwa limekomaa siku zake, si lililomwagwa jana. Malipo ya kipande hicho yafuate saini ya kamati na ya mhandisi wa wilaya, zote mbili. Wapo watakaosema wanakijiji hawana utaalamu wa kusaini mambo ya presha. Mwanafunzi wa sekondari anayejua Pythagoras, mwenye futi kamba na karatasi ile ukutani, anaweza kupima uso wa zege na kusema kama ni sentimita 65 au 40. Kama ni 40, kamati haisaini, mtaro haufukiwi, na mkandarasi anarudi kuongeza zege wakati mchanga bado upo eneo la kazi.